Kaskazi na Kusi za Mlima Kenya

Mada kwa semina ya wapanda milima, Karen, Nairobi

Asubuhi za Januari, kabla moshi wa Nairobi haujatanda, mtu aliye juu ya vilima vya Ngong, nyuma ya Karen, akielekeza macho kaskazini-mashariki huweza kuona jabali jeusi limechomoza mbali angani. Hapo ndipo ilipo Batian, mita 5,199, na Nelion pacha wake, mita 5,188. Vilele hivyo na cha tatu vilibatizwa na Mwingereza Halford Mackinder mwaka 1899 kwa majina ya malaiboni wa Kimaasai: Mbatian, Nelieng nduguye, na Olonana, au Lenana, mwana wa Mbatian. Ndiyo sababu jina lililo kwenye lango la shule ya Lenana, kando ya barabara ya Ngong, ndilo lililo kwenye kilele cha tatu, mita 4,985. Wakikuyu walikuwa na jina lao tangu zamani, Kirinyaga, makao ya Ngai.

Swali la kwanza la mpandaji huwa: niende lini? Jibu limo katika umbali mfupi sana. Ikweta inapita kilomita zipatazo 16 tu kaskazini mwa vilele, kwa hiyo jua huuzunguka mlima kwa zamu. Watu wa pwani wana kaskazi na kusi zao, na mlima huu nao una zake. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, jua huwa kaskazini: uso wa kaskazini wa Batian hukauka, jabali likapata joto la kushikika, huku upande wa kusini ukiwa umeganda. Kaskazi ikiingia, mwisho wa Desemba hadi mapema Machi, mambo hugeuka, na uso wa kusini-mashariki wa Nelion ndio unaofaa. Mlima mmoja, siku moja, majira mawili.

Historia ya upandaji inasomeka vizuri zaidi kwa ufunguo huo. Mackinder, pamoja na waongozaji wake César Ollier na Joseph Brocherel, alifika Batian tarehe 13 Septemba 1899 kwa upande wa kusini. Barafu waliyokutana nayo chini ya kilele ilikuwa ngumu kiasi kwamba waliichonga ngazi hatua kwa hatua kwa saa kadhaa, na ikaitwa Diamond, yaani almasi. Miaka 30 baadaye, Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walikuja Januari. Wakapanda uso wa kusini-mashariki uliokauka, wakawa wa kwanza kusimama juu ya Nelion, kisha wakavuka hadi Batian. Na mwaka 1973, Phil Snyder na Mkenya Thumbi Mathenge walifungua njia ya Diamond Couloir, ufa mrefu wa barafu unaotazama kusini. Jina la Mathenge linastahili kutajwa mara nyingi kuliko linavyotajwa.

Lenana haihitaji kamba. Ndiko Kisoi Munyao alikopeleka bendera ya Kenya usiku wa uhuru, Desemba 1963. Lakini urahisi huo una hatari yake. Njia ya Naro Moru humfikisha mtu mita 4,200 siku ya pili tu, na mwili uliozoea Nairobi haujapata nafasi ya kuizoea hewa nyepesi. Kichwa kinachogonga, kutapika na kuyumba si uchovu wa kupuuzwa. Dawa ya uhakika ni kushuka. Anayepitia njia ya Sirimon kwa siku tano anatumia pesa zaidi, ila anafika akiwa na akili timamu ya kukitazama alichokifuata.

Na cha kutazama kipo. Juu ya msitu na mianzi, kila usiku ni baridi ya kugandisha maji na kila asubuhi ni jua kali, hadi mawingu yanapopanda kutoka mabondeni kama saa nne. Mimea imejifunza. Lobelia hufumba majani yake usiku juu ya maji yanayoganda kwa juu tu, na chipukizi ndani yake likasalimika. Senesio kubwa haiangushi majani makavu, inajivika nayo shinani kama blanketi.

Kinachobadilika ni barafu yenyewe. Lewis, barafuto kubwa kuliko zote mlimani, ilipimwa mwaka 1934. Kufikia 2010 ilikuwa imepoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mito haitakauka kwa hilo peke yake, kwani maji mengi ya Tana na Ewaso Ng'iro hutoka kwenye mvua na msitu. Wapandaji ndio wanaolihisi kwanza: Diamond Couloir haipandiki tena kwa uhakika wa zamani, na mawe yaliyoshikwa na barafu huachia. Anayetoka kibanda cha Austrian Hut gizani leo kuelekea Lenana husikia changarawe ikisagika chini ya viatu, pale ambapo ramani za zamani zilichora barafu.