Chama cha Raga cha Hunslet

Jioni hii nataka kuwaelezeni habari za chama kimoja cha mpira, jinsi kilivyopanda hata kikafika kileleni, na jinsi kilivyopoteza hata kiwanja chake. Chama chenyewe ni cha Hunslet, mtaa ulio kusini mwa mji wa Leeds, Uingereza. Na mpira wao si huu wetu wa miguu. Ni raga, mpira wenye umbo la yai, ambao mchezaji huukumbatia na kukimbia nao huku wenzake wa upande wa pili wakimwangusha chini.

Hunslet ulikuwa mtaa wa viwanda. Watu wake waliunda magari-moshi na mitambo, na nyumba zao za matofali zilibanana mgongo kwa mgongo. Chama kilianzishwa mwaka 1883, na mwaka 1888 kikapata kiwanja chake, Parkside. Basi, fikirini: fundi wa chuma akiacha kazi Jumamosi ili akacheze, anakatwa mshahara. Wakubwa wa raga kule London, watu wenye nafasi zao, walikataa katakata mchezaji asilipwe hata hasara hiyo. Ndipo Agosti 1895 vyama vya kaskazini, Hunslet kikiwamo, vilipokutana katika hoteli moja mjini Huddersfield, vikajitenga. Vilikubali kumfidia mchezaji shilingi sita kwa siku aliyopoteza. Kwa maoni yangu lilikuwa dai la haki kabisa. Hatimaye waliojitenga wakabadili na mchezo wenyewe. Tangu 1906 kila upande una watu 13 badala ya 15.

Msimu wa 1907 hadi 1908 Hunslet walitwaa vikombe vyote vinne vilivyoshindaniwa. Hakuna chama kilichokuwa kimefanya hivyo kabla yao, na baadaye ni viwili tu vilivyoweza. Nahodha wao, Albert Goldthorpe, alikuwa na umri wa miaka 36, ambao wachezaji wengi huwa wamekwisha kustaafu; nao ndugu wanne wa tumbo moja naye walipata kuichezea Hunslet. Mwaka 1934 walichukua tena Kombe la Challenge, na mwaka 1938 wakawashinda jirani zao wa Leeds 8 kwa 2 katika fainali ya ubingwa, mbele ya watu zaidi ya 54,000.

Mwaka 1965 walirudi Wembley wakafungwa na Wigan 20 kwa 16. Wengi husema fainali ile ni mojawapo ya zilizopendeza kupita zote. Lakini huko nyumbani mambo yalikuwa yakiharibika. Serikali ya mji ilikuwa ikibomoa zile nyumba za zamani na kuwahamishia watu mbali. Nyumba mpya zilikuwa bora, hilo halina ubishi. Ila mtu aliyezoea kwenda kiwanjani kwa miguu sasa alihitaji basi. Watazamaji wakapungua, na mapato yakapungua pamoja nao. Mwaka 1971 jukwaa kubwa la Parkside likachomwa moto na wahuni. Mwaka 1973 wakurugenzi wakakiuza kiwanja kwa watu wa viwanda kwa pauni 300,000, chama kikavunjwa, na fedha zikagawiwa wenye hisa.

Hapo msikilizaji, tua kidogo. Watu waliosimama mvuani Parkside miaka 85 hawakuwa na hati ya ardhi ile. Wenye sauti walikuwa wenye hisa. Katika makundi yenu wiki hii, ulizaneni: kiwanja mnachochezea ninyi kimeandikwa kwa jina la nani?

Haikuishia hapo. Geoff Gunney, aliyeichezea Hunslet tangu 1951, aliongoza wenzake kuanzisha chama kipya mwaka huo huo wa 1973. Walipanga katika kiwanja cha mbio za mbwa, wakahamahama, na mwaka 1995 wakapata makao katika uwanja wa South Leeds, palepale upande wao wa mji. Mwaka 1999 walishinda fainali ya daraja la pili kwa 12 dhidi ya 11 za Dewsbury. Hata hivyo walinyimwa kupanda daraja la juu, kwa kuwa uwanja wao haukutimiza masharti.