Hati ya Shamba Ndani ya Injili

(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kabanga)



Mimi ni mtumishi wa serikali katika mambo ya ardhi. Nimeombwa niseme neno la manufaa, nami nimechagua swali moja: hati itunzweje ili idumu miaka mia saba?

Watu wa Ethiopia walipata jibu zamani. Mfalme alipoipa monasteri ardhi, mara nyingi hati iliandikwa ndani ya Injili ya monasteri hiyo, kwenye kurasa zilizobaki wazi. Hati za Mfalme Lalibela, aliyetawala hadi mwanzoni mwa karne ya 13, zimo katika Injili ya Dhahabu ya Debre Libanos, mahali palipo Eritrea sasa.

Vitabu hivyo havikuwa madaftari ya kawaida. Kurasa zake ni ngozi iliyokwanguliwa na kusuguliwa mpaka ikalainika. Wino ni mweusi, na mwekundu kwa vichwa vya maneno na majina matakatifu. Mwanzoni huchorwa matao yenye nguzo na ndege, yakizunguka majedwali ya kulinganisha Injili nne. Mapambo hayo yalikuwa mlinzi pia. Kitabu kizuri na kitakatifu kilitunzwa na wote; nani angethubutu kuchana ukurasa wake? Tena ndani ya hati yalitajwa majina ya wakubwa waliokuwa madarakani, na laana kwa atakayeivunja.

Huko Uingereza nako, mwaka 966, Mfalme Edgar aliipa monasteri ya New Minster, mjini Winchester, hati ya herufi za dhahabu, yenye picha yake mwenyewe akimtolea Kristo hati ile. Ipo hadi leo.

Ndugu zangu, turudi kwetu Buha. Operesheni ya vijiji ilipofanyika Mkoa wa Kigoma mwaka 1972, wazee wetu walihamia mashamba mapya, na mipaka mingi ikabaki vichwani mwao. Kila mzee tunayemzika anaondoka na mipaka yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetupa hati ya hakimiliki ya kimila. Lakini karatasi iliyosokomezwa chini ya godoro, ikaliwa na mchwa, haimtetei mjane mbele ya shemeji zake.

Dhahabu hatuihitaji. Tunahitaji tarehe, majina ya majirani na mashahidi, na nakala mahali panapoheshimiwa na wote, yaani masjala ya kijiji.

Vijana, likizo hii kaeni na babu na bibi mkiwa na kalamu. Ulizeni: mpaka ni mti gani, kijito gani, jirani nani? Andikeni kwa mwandiko safi, kisha mfuatane na wazazi kwa ofisa mtendaji wa kijiji. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.