Kumpata Ndugu Tuliyegombana Naye

Jumapili ya 23 ya Mwaka A (Mathayo 18:15-20)



Injili ya leo yatuletea jambo ambalo hakuna nyumba, wala jumuiya ndogondogo, wala parokia isiyolijua, nalo ni ugomvi kati ya ndugu na ndugu. Bwana wetu hasemi kwamba wafuasi wake hawatakoseana. Anajua watakoseana, naye anawapa utaratibu wa kufuata. Kwanza, aliyekosewa amwendee mwenzake, wazungumze wawili peke yao. Ikishindikana, achukue mtu mmoja au wawili. Ikishindikana tena, ndipo shauri lifikishwe mbele ya Kanisa. Na shabaha ya safari hiyo yote imetajwa tangu hatua ya kwanza, yaani kumpata ndugu.

Yatupasa kulipima neno hilo vizuri. Mtu aweza kwenda barazani akashinda shauri la mpaka wa shamba, akapewa hatua zote alizodai, na tangu jioni ile asisalimiane tena na kaka yake mpaka mmoja wao azikwe. Kwa hesabu ya baraza ameshinda. Kwa hesabu ya Injili amepata hasara, kwa maana udongo ameupata na ndugu amempoteza.

Kwa nini Bwana aanze na wawili peke yao? Kwa sababu anaujua moyo wa mwanadamu. Mtu akilaumiwa mbele za watu huacha kufikiri juu ya kosa lake, hufikiri juu ya uso wake. Hata kama moyoni anajua amekosa, macho ya watazamaji yanamfunga, naye anaona kurudi nyuma ni kudhalilika. Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kikapu ukavune. Waliwaonya wapambe, wale wanaokuja na kuni moto ukiwa umewaka. Ni mara ngapi jambo dogo limekuwa kubwa kwa sababu lilitangazwa kisimani na kilabuni kabla ya kusemwa kwa mwenyewe!

Kuna udhaifu mwingine ambao wataalamu wa saikolojia wameueleza, na ambao kila mmoja wetu aweza kuutambua akijichunguza. Sisi tukikosa, tunatazama mazingira: tulikuwa tumechoka, tulikuwa na mgonjwa nyumbani, hatukuelewa. Mwenzetu akikosa, tunatazama tabia: ni mchoyo, ana kiburi, ndivyo ukoo wao ulivyo. Hivyo makosa yetu tunayapatia sababu, na makosa yake tunayapatia jina. Mtu akishapewa jina baya, hakuna tena haja ya kumsikiliza, kwa kuwa tunadhani tumekwisha kumjua.

Hata mataifa hufungwa na mambo hayohayo, na hata mataifa yaweza kufunguliwa. Tuwatazame majirani zetu wa Msumbiji. Tangu mwaka 1977 hadi 1992 serikali ya Frelimo na jeshi la Renamo walipigana vita ambavyo hukadiriwa kuwa viliua watu wapatao milioni 1, kwa silaha, kwa njaa na kwa maradhi. Wengine kwa maelfu waliikimbia nchi yao, wakaingia Malawi, Tanzania na kwingineko. Serikali iliwaita wapinzani wake majambazi wenye silaha. Renamo nao hawakukubali kwamba serikali ile ina haki ya kutawala. Majina yalikuwa yamekwisha kutolewa pande zote mbili, na masikio yalikuwa yamezibwa.

Mwaka 1988 Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira alikwenda porini kuonana na Afonso Dhlakama, kiongozi wa Renamo. Tarehe 8 Julai 1990 wajumbe wa pande zote mbili walikaa pamoja mjini Roma, katika nyumba ya Jumuiya ya Mtakatifu Egidio iliyoko mtaa wa Trastevere. Mbele yao walikaa Askofu Mkuu huyo, Andrea Riccardi aliyeianzisha Jumuiya hiyo, padre Matteo Zuppi ambaye mwaka 2019 alifanywa Kardinali, na Mario Raffaelli kwa niaba ya serikali ya Italia. Jumuiya ile haikuwa na jeshi la kumtisha mtu. Ilikuwa na meza, subira, na shauri moja: tuweke kando kwanza yanayotutenga, tutafute yanayotuunganisha.

Na matunda ya kwanza yalikuwa nini? Tarehe 10 Julai wajumbe walitoa tamko la pamoja. Halikusimamisha vita hata kwa siku moja. Lakini ndani yake walikiri kwamba wao ni wananchi wa nchi moja, watu wa familia moja kubwa ya Msumbiji. Wapendwa, hapo ndipo mlango ulipofunguka. Jambazi hukamatwa, ndugu huzungumzwa naye. Walianza kumpata ndugu kabla hawajapata amani.

Mazungumzo yalichukua miezi 27. Katika muda huo ilionekana wazi kwamba chini ya madai ya kila upande kulikuwa na hofu. Serikali ilihofu kwamba ikikubali masharti ya waasi, dola yenyewe itavunjika. Renamo walihofu kwamba siku watakapoweka silaha chini, watashughulikiwa kama wahalifu na hawatakuwa na mahali katika nchi. Hofu hizo zilipotajwa na kuheshimiwa, dawa iliweza kutafutwa. Renamo wakaahidi kutoendelea na vita baada ya kusimamisha mapigano, nao wakapewa njia ya kuwa chama halali cha siasa. Mkataba ukapanga jeshi jipya la askari 30,000, nusu kutoka kila upande. Tarehe 4 Oktoba 1992, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, Rais Joaquim Chissano na Dhlakama walitia sahihi. Wakimbizi zaidi ya milioni 1.5 wakarudi kwao, na Oktoba 1994 wananchi wakapiga kura.

Tusidhani kwamba sahihi ilimaliza kila kitu. Renamo walibaki na watu wenye silaha, chuki za zamani hazikuisha, na mwaka 2013 risasi zililia tena. Ilibidi kukaa mezani upya, hata mkataba mwingine ukatiwa sahihi Agosti 2019. Ndivyo ilivyo pia nyumbani kwetu. Suluhu ni kama paa la nyasi: aliyeezeka vizuri bado hana budi kulikagua kabla ya masika.

Basi, ninyi makatekista, wazee wa jumuiya na wazazi, ambao mara nyingi huitwa kuwa wale mmoja au wawili wa Injili ya leo, tufanyeje? Kwanza, tuulize kama hatua ya kwanza imekwisha kufanyika. Tusikubali kusikiliza shtaka la mtu ambaye bado hajathubutu kumwendea mwenzake, hali njia ipo. Pili, tumsikilize kila mmoja mpaka aseme, "Naam, hilo ndilo nililotaka kusema." Mtu ambaye hajasikika hataweza kusikia. Tatu, tusiishie kwenye madai. Kaka anadai hatua tano za shamba. Tumwulize anahofu nini. Pengine atajibu kwamba wanawe wanakua na hajui watalima wapi. Mdogo wake naye anakataa, na hofu yake ni kwamba akiachia hatua tano leo, kesho atadaiwa kumi. Hatua tano ni ngumu kuzigawa bila uchungu. Lakini hofu hizo mbili zaweza kupatiwa dawa, kwa kupanda mipaka ya minyaa mbele ya mashahidi, na kwa kuandikiana juu ya sehemu ya watoto. Nne, anayekubali kosa tumwachie mlango wa kutokea akiwa na heshima yake. Aliyesamehewa kisha akachekwa, hatarudi tena kuomba msamaha.

Hapa hatuna budi kuongeza onyo. Kuna makosa ambayo si ugomvi kati ya wawili walio sawa. Mwanamke anayepigwa, mtoto aliyeharibiwa, mtu anayetishiwa maisha, hao hawapaswi kuambiwa wakae peke yao na anayewaumiza, wala kuhimizwa kunyamaza kwa ajili ya amani ya nyumba. Utaratibu wa Bwana ulitolewa ili ndugu apatikane, haukutolewa ili maovu yafichwe. Anayeonewa apelekwe kwanza mahali pa usalama, na wenye mamlaka ya sheria waarifiwe. Upatanisho usio na haki ni kidonda kilichofunikwa kwa jani.

Wapendwa, mwishoni mwa Injili hii Bwana anaahidi kuwapo kati ya wawili au watatu wanaokusanyika kwa jina lake. Tumezoea kuilinganisha ahadi hiyo na sala za jumuiya, na ni haki. Lakini tukumbuke imetolewa mwishoni mwa maneno juu ya ugomvi. Maana yake, wawili waliokosana wanapoketi kwenye mkeka mmoja, wakiwa na maneno machache na aibu nyingi, hawako wawili tu. Yupo wa tatu kati yao, naye amekuja kuwarudisha wote wawili.

Kila mmoja wetu analo jina moja ambalo, tukilisikia likitajwa, moyo hufunga mlango. Wiki hii tulitaje jina hilo katika sala, kwa siku tatu, pasipo kulishtaki mbele ya Mungu. Siku ya nne tuondoke, twende kwake, peke yetu, kabla ya jua kuwa kali.

Mungu mwenye amani awabariki na kuwaongoza ninyi nyote. Amina.