Kabla Hujalipa Karo ya Kriminolojia, Uliza Itakufungulia Mlango Gani



Vijana wetu wa Kibokoni, Kuze, Makadara, Majengo na kisiwa kizima. Kila matokeo ya KCSE yakitoka, swali barazani huwa lile lile: "Nataka kusomea mambo ya jinai na haki. Yalipa?" Leo tulipigie hesabu bila kuoneana haya.

Nia yenu twaijua. Mmekulia mahali ambapo kijana achukuliwa usiku, na mamake azunguka vituo asiambiwe mwanawe yuko wapi. Ukasema, mimi nitasoma nije nitetee watu. Nia njema sana. Lakini nia hailipi karo.

Kwanza, kriminolojia si sheria. Shahada hiyo yakufundisha kwa nini uhalifu hutokea, na polisi, korti na magereza hufanya kazi vipi. Haikufanyi wakili. Huwezi kusimama nayo korti ya Mombasa ukamwakilisha mtu. Kuna wanaolijua hili mwaka wa tatu, na mzazi ashauza kiwanja.

Uwakili una njia yake. Huanza na C+ ya KCSE, pamoja na B ya Kiingereza au Kiswahili. Kisha LLB ya miaka minne. Kisha Kenya School of Law kule Karen, Nairobi, na miezi sita ya kujifunza kazi chini ya wakili. Hiyo ni kama mwaka na nusu zaidi, na karo ya hapo peke yake yakaribia laki mbili. Kodi ya nyumba na chakula ni mbali. Hesabu hiyo ipigwe leo, isingoje siku ya mahafali.

Pili, kriminolojia yalipa wapi? Ukitaka kuwa konstebo, tangazo la ajira huomba D+ ya KCSE. Shahada yaweza kukusaidia kupanda cheo baadaye, lakini si tiketi ya kuingilia. Kuna kazi za probesheni, magereza, uchunguzi kule IPOA, kampuni za ulinzi na mashirika ya haki. Zipo, ila ni chache, na utazigombania na waliosoma sheria, soshiolojia na saikolojia.

Hata hivyo, msizidharau. Afisa wa probesheni huenda nyumbani kwa mshtakiwa, akauliza jirani na mzazi, kisha akamwandikia hakimu ripoti. Ripoti hiyo yaweza kumfanya kijana afanye kazi ya jamii badala ya kupelekwa Shimo la Tewa. Sasa jiulize: ni nani ataiandika vizuri zaidi kuliko mtu anayezijua nyumba zetu na lugha yetu? Faida hiyo haionekani kwenye payslip, lakini ni faida.

Tatu, deni. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4, na ukiacha kulipa wapigwa faini ya Sh5,000 kila mwezi. Kwetu sisi riba si jambo la kupitia juu juu. Kaa na shekhe unayemwamini kabla hujajaza fomu. Omba basari ya NG-CDF mapema. Na nyinyi wazee mnaosoma hapa: twachanga harusi, twachanga mazishi. Kumchangia mwanafunzi mmoja wa mtaa hadi amalize kwatushinda nini?

Nne, kutetea watu hakungoji shahada. Kifungu cha 49 cha Katiba chasema aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Kulijua hilo ni bure. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo yawatambua wasaidizi wa kisheria, wale paralegali, walioidhinishwa. Fanya kazi hiyo mwaka mmoja kwanza. Utaona kama moyo wako uko kortini, uko kwenye utafiti, au uko kwingine kabisa.

Na tusidanganyane kwamba masomo hayana kazi. Aprili 2015 serikali ilifunga akaunti za MUHURI na Haki Africa. Novemba mwaka huo huo Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamua akaunti zifunguliwe. Hazikufunguliwa kwa kelele za barazani. Kuna watu walikaa wakasoma vifungu, wakaandika hoja, wakasimama mbele ya jaji. Watu hao walisomeshwa na mtu.

Basi kabla hujalipa shilingi ya kwanza, uliza matatu. Je, kozi hii imeidhinishwa, na kama ni ya sheria, Council of Legal Education yaitambua? Waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Waulize wenyewe, usiulize ofisi ya chuo. Na nani atalipa hadi muhula wa mwisho, si wa kwanza tu?

Ukiwa na majibu, tawakkal uende. Ukikosa hata moja, ngoja kidogo. Kungoja mwaka mmoja si aibu. Kuacha njiani na deni mkononi ndiko kunakouma.

Allah awafungulie milango ya kheri, na awajaalie elimu yenye manufaa. Amin.