Jiwe Chini ya Weusi

Wiki hii naomba tutazame chini, kwenye sakafu. Nasema sakafu ya marumaru ya jiwe, si vigae vya kiwandani ambavyo navyo tumezoea kuviita marumaru. Ikishapiga weusi huitwa fundi, naye huja na tindikali ya kusafishia choo. Akiimwaga, povu hufoka na mwenye nyumba hufurahi. Kumbe povu lile ni jiwe linaloyeyuka! Marumaru ni jamii ya chokaa, hata maji ya limau huiachia alama. Mng'ao ukishaliwa haurudi ila kwa kusagwa upya kwa mashine, na gharama yake si ndogo.

Mara nyingi weusi wenyewe ni nta ya miaka mingi, tabaka juu ya tabaka, imenasa vumbi. Basi iondolewe nta, kwa dawa yake isiyo na tindikali, ijaribiwe kwanza nyuma ya mlango. Kisha suuza vizuri. Doa la mafuta lipakwe unga wa chaki uliokandwa kwa sabuni ya maji, lifunikwe nailoni hadi kesho yake. Na maji ya dekio, jamani, yabadilishwe kila chumba.