Njia ya Nyumbu Yawa Njia ya Baiskeli

Shikeni karatasi zenu, na kila mmoja aweke kidole chini ya mstari wa kwanza. Nitasoma polepole, nanyi mfuate kwa macho. Anayesoma upesi na amsaidie jirani yake.

Kwanza tusome maneno matatu.

MFEREJI. Hii ni njia ya maji iliyochimbwa na watu.

NYUMBU. Hapa sisemi yule wa porini. Nasema mnyama wa kufugwa, aliyezaliwa na punda dume na farasi jike. Ana nguvu, tena ni mvumilivu.

HANDAKI. Hapa maana yake ni njia iliyotobolewa ndani ya mlima, ikatokea upande wa pili.

Sasa tuanze habari yenyewe.

Wengi wenu mnaijua baiskeli. Mmebebea mkaa, ndizi, maziwa, hata wagonjwa. Mnajua sauti ya changarawe chini ya tairi, na mnajua raha ya njia isiyo na magari. Leo nataka tusafiri kwa mawazo katika njia ya namna hiyo, huko Marekani. Njia hii yafuata mto uitwao Potomac, na urefu wake ni kilomita 297. Yatoka mji wa Cumberland na kushuka mpaka Washington, mji mkuu wa nchi ile. Haikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Ilitengenezwa kwa ajili ya nyumbu.

Nyumbu waliingiaje katika habari hii? Mto Potomac una miamba na maporomoko, na mashua za mizigo hazikuweza kupita. Kwa hiyo, tarehe 4 Julai 1828, watu walianza kuchimba mfereji kando ya mto. Vibarua wengi walikuwa wageni waliotoka Ireland. Walichimba kwa sururu na koleo. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia katika kambi zao, na wengi wakafa. Kazi ilichukua miaka 22. Mfereji ulifika Cumberland mwaka 1850.

Lakini sikilizeni. Siku ileile ya mwaka 1828, watu wengine walianza kujenga reli ya kwenda upande uleule. Gari la moshi lilifika Cumberland mwaka 1842. Basi mfereji ulipofika, ulikuta mwenzake ametangulia miaka minane. Hata hivyo mashua zilifanya kazi miaka mingi, zikichukua makaa ya mawe.

Mashua hizo hazikuwa na injini. Zilifungwa kamba ndefu, na nyumbu wakazivuta wakipita katika njia iliyo kando ya maji. Zilikwenda kwa mwendo wa mtu atembeaye. Mara nyingi baba, mama na watoto waliishi humohumo ndani ya mashua, na mtoto ndiye aliyewaongoza nyumbu.

Cumberland iko juu kuliko Washington kwa mita 184. Je, mashua iliwezaje kushuka? Walijenga vyumba 74 vya mawe, kama ngazi. Mashua iliingia ndani ya chumba, na milango ikafungwa. Maji yakatolewa kidogo kidogo, na mashua ikashuka pamoja nayo. Kisha milango ya mbele ikafunguliwa. Kando ya vyumba hivyo zilijengwa nyumba za walinzi. Mashua ikija usiku wa manane, mlinzi hakuwa na budi kuamka.

Mwaka 1924 mafuriko makubwa yalibomoa mfereji, na mashua zikakoma. Mwaka 1938 serikali iliununua. Njia ya nyumbu ikabaki kimya, majani yakaota. Kisha ukatokea mpango wa kujenga barabara ya magari mahali pale. Mwezi Januari 1954, gazeti la Washington Post liliunga mkono mpango huo.

Bwana mmoja aliyeitwa William O. Douglas hakupendezwa. Alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya nchi ile. Hakuwatukana wenye gazeti. Aliwaandikia barua akiwaalika waje watembee naye njia nzima kwa miguu, wajionee wenyewe, ndipo waamue. Wakaja. Mwezi Machi 1954 watu kadhaa waliondoka Cumberland pamoja naye. Safari ilichukua siku nane, na watu tisa tu ndio walioimaliza yote kwa miguu. Lakini wenye gazeti waliona miti, ndege na maji yaliyotulia, wakabadili maneno yao. Mwaka 1971 sheria ilipitishwa, na mahali pale pakawa hifadhi ya taifa. Barabara ya magari haikujengwa.

Angalieni, wanafunzi, barua moja ilivyofanya kazi. Bwana Douglas alijua kuandika, na pia aliijua njia kwa miguu yake mwenyewe. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja.

Leo watu hupita njia ile kwa baiskeli. Huko Cumberland imeunganishwa na njia nyingine ya changarawe iendayo mji wa Pittsburgh, yenye urefu wa kilomita 240 hivi. Hiyo ya pili ilikamilika mwaka 2013, na sehemu kubwa yake imepita mahali palipokuwa na reli. Basi reli na mfereji, waliokuwa washindani, sasa wanampokeza msafiri mmoja.

Ukienda njia kama hiyo, shika mambo manne.

Kwanza, upepo wa tairi. Tairi gumu mno hurukaruka juu ya kila kokoto, na mikono huchoka. Punguza upepo kidogo, tairi lilale juu ya changarawe. Lakini usipunguze sana, maana jiwe litaubana mpira wa ndani kwenye ringi, nao utatoboka.

Pili, mzigo. Ufunge sawasawa kushoto na kulia, na uweke chini kadiri iwezekanavyo. Mzigo wa juu hukuangusha penye matope. Chukua pampu, viraka na maji ya kunywa.

Tatu, wenzako njiani. Piga kengele kabla ya kumpita mtu, na umpishe aendaye kwa miguu au kwa farasi. Huko ndiyo kanuni, na hata kwetu ni adabu njema.

Nne, penye wembamba shuka. Katika njia hiyo kuna handaki liitwalo Paw Paw, lenye urefu wa karibu mita 950. Ndani ni giza, na njia ni nyembamba kando ya maji. Msafiri hushuka, huwasha taa, husukuma baiskeli yake. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.

Kando ya njia ile kuna nguzo zenye tarakimu, zinazohesabu maili kutoka Washington. Ajuaye kusoma tarakimu hahitaji kuuliza amefika wapi.

Sasa chukueni kalamu. Jibuni maswali haya, kisha mwonyesheni mwalimu wenu.

1. Mfereji ulianza kuchimbwa mwaka gani, na ulifika Cumberland mwaka gani?

2. Kwa nini Bwana Douglas aliwaalika wenye gazeti watembee, badala ya kugombana nao?

3. Msafiri akienda kilomita 60 kila siku, atamaliza kilomita 297 siku ya ngapi?

4. Je, kwenu iko njia ya zamani ambayo watu wameanza kuiacha? Andika mistari mitatu. Ilitengenezwa kwa kazi gani? Nani anaipita leo? Ungemwalika nani aje kuiona?

Swali la nne halina jibu katika karatasi hii. Jibu lake liko kijijini kwenu. Liandikeni vizuri, maana huenda siku moja mtu mwingine akahitaji kulisoma.

Kwaherini, mabibi na mabwana, mpaka somo lijalo.