Kumpima Mzee Aliye Mkekani: Kiasi cha Msaada Wanachohitaji Wazee wa Garissa Kila Siku



Katika semina hii nimeombwa nizungumzie namna ya kupima kiasi cha msaada ambacho mzee anahitaji katika shughuli zake za kila siku. Katika nchi nyingine mada hii huanzia kwenye makao ya wazee. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 1987 ilivitaka vituo vya kutunzia wazee vinavyolipwa na serikali kumtathmini kila mkaazi kwa fomu ya aina moja na kurudia tathmini hiyo kila baada ya muda. Sisi Kenya tunayo makao machache, kama Nyumba ya Wazee ya watawa wa Kikatoliki kule Kasarani, na Mji wa Huruma ulio chini ya Kaunti ya Nairobi. Mzee wa Garissa, Wajir au Mandera humkuti huko. Yuko nyumbani, katika chumba cha uani Bulla Iftin, au ndani ya herio, kibanda cha wafugaji, nje ya Modogashe, na anayemtunza ni binti, mke wa mwanawe au mjukuu.

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu aliyetimiza miaka 60 haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Familia imeshatimiza sehemu yake, mara nyingi kupita uwezo wake. Serikali haiwezi kutimiza yake ikiwa haijui mzee yupi anahitaji nini. Rekodi zetu zimejaa majina ya magonjwa: presha, sukari, kiharusi. Wazee wawili wenye kiharusi wanaweza kuandikwa sawasawa, na mmoja anakwenda msikitini kwa fimbo ilhali mwingine hajageuka kitandani tangu alfajiri. Hoja yangu basi ni hii: tuupime mkono unaomsaidia mzee. Ni mkono wa nani, unafanya nini, na saa ngapi? Tuupime kwa macho yetu, hapo hapo anapoishi.

Vipimo tulivyopokea

Kipimo kinachofundishwa sana vyuoni ni cha daktari Sidney Katz na wenzake, kilichochapishwa mwaka 1963 baada ya kuwafuatilia wagonjwa wazee huko Cleveland, Ohio, wengi wakiwa wamevunjika nyonga. Kina mambo 6: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani na kuhamia kwenye kiti, kuzuia haja, na kula. Walichokigundua bado kina uzito mkubwa. Uwezo huu hauondoki ovyo. Kwa kawaida kuoga ndiko kunakotangulia kumshinda mtu, na kula ndiko kunakobaki mwisho. Kwa hiyo mkiambiwa kwamba mzee analishwa ila anaoga bila msaada, msiandike kwanza. Ama hamjaambiwa yote, ama pana tatizo la mkono au la koo linalotaka daktari.

Mwaka 1965 Florence Mahoney na Dorothea Barthel wa Maryland walitoa kipimo cha mambo 10 chenye alama kuanzia 0 hadi 100, na hicho ndicho wataalamu wa viungo wanakipenda. Mwaka 1969 Lawton na Brody wakaongeza shughuli zinazohitaji akili na mpango zaidi: simu, ununuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha. Vyote vitatu ni vizuri na sipendekezi tuvitupe. Lakini vilitungwa kwa mtu anayelala kwenye kitanda kirefu, anayekaa kwenye kiti na kujisaidia kwenye choo cha kukalia.

Mkeka, udhu na sinia

Ingieni na fomu ya Barthel kwenye nyumba ya kawaida Balambala. Kupanda ngazi kuna alama 10, na nyumba haina ngazi hata moja. Kutembea kunapimwa kwa yadi 50 za ardhi tambarare, na njia ya kwenda msikitini ni mchanga unaozamisha mguu. Kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti kuna alama 15, lakini mzee huyu hulala kwenye godoro lililo sakafuni, hukaa kwenye mkeka na huchuchumaa chooni. Kuinuka kutoka chini kunataka magoti na nyonga zenye nguvu nyingi kuliko kuinuka kitini. Ndiyo maana mgonjwa huondoka wodini akiwa ameandikwa kwamba anajitegemea, kwa sababu pale kitanda kilikuwa kirefu na kina vyuma vya kushika, kisha akifika nyumbani anahitaji watu wawili wa kumsimamisha. Muuguzi hakusema uongo. Alipima kitanda cha hospitali.

Swala inatuonyesha mengi ambayo fomu haiulizi. Mzee anayerukuu, akasujudu na kuinuka bila kushika ukuta ametuonyesha magoti, mgongo, pumzi na mizani ya mwili. Ulizeni: alianza lini kuswali akiwa kwenye kiti? Aliacha lini kwenda msikitini, na ni swala ipi aliyoiacha kwanza? Wengi huanza kuacha alfajiri na isha, kwa sababu ya giza, na hapo tatizo huenda likawa macho. Kama ni mtoto wa jicho, dawa yake ni upasuaji, na kumwekea mtu wa kumshika mkono maisha yake yote ni kumnyima haki yake. Halafu udhu: anaweza kuinama akaosha miguu? Nani anammiminia maji? Mtu aliyekuwa akijitilia udhu mwezi wa Rajabu na sasa anamiminiwa amebadilika, na familia italikumbuka hilo vizuri kuliko tarehe yoyote mtakayowauliza.

Kula nako kunahitaji jicho. Mzee aliyepooza upande wa kulia hujifunza kupeleka chakula mdomoni kwa mkono wa kushoto, na fomu itasema anakula mwenyewe. Ni kweli. Lakini kwa kuwa anaona haya kutia mkono wa kushoto kwenye sinia mbele ya wenzake, huomba awekewe sahani yake pembeni, baadaye husema ameshiba kabla ya wengine, na baada ya miezi michache macawis yake haikai tena kiunoni. Mtu wa kumketisha vizuri, kijiko chenye mpini mnene, na neno la sheikh kwamba mwenye udhuru hana lawama vinaweza kumrudisha kwenye sinia.

Kuhusu orodha ya Lawton, zamani wanaume walipimwa kwa mambo 5 tu kati ya 8, kwa kuwa kupika, kufua na usafi wa nyumba havikuhesabiwa kuwa kazi zao. Sisi tuulize jambo ambalo mtu mwenyewe alikuwa akilifanya. Mzee aliyezoea kuuza ng'ombe katika soko la mifugo la Garissa, ambaye sasa anasahau bei aliyokubali dakika chache zilizopita, au haitambui alama ya ngamia wa ukoo wake, ana dalili ya kusahau inayostahili uchunguzi. Vivyo hivyo mama mwenye kibanda ambaye siku hizi anampa kila mtu namba yake ya siri ya M-Pesa ili amtolee pesa.

Maswali yanayofungua mlango

Ukiuliza, "Mzee anaoga mwenyewe?", utajibiwa ndiyo. Jibu hilo linalinda heshima ya mzee na ya nyumba nzima. Uliza mambo ya leo asubuhi. Maji aliyateka nani? Nani aliyabeba mpaka bafuni? Alibaki mlangoni au aliingia? Alimshika wapi? Mgongo aliusugua nani? Kwa maswali ya namna hii utajua daraja la msaada bila kumwaibisha mtu. Mzee anaweza kuwa anahitaji kukumbushwa tu. Anaweza kutaka mtu awe karibu bila kumgusa, au ashikwe kidogo huku kazi kubwa akiifanya mwenyewe, au kazi kubwa ifanywe na msaidizi. Anaweza pia kuwa mtu wa kufanyiwa kila kitu, pengine na watu wawili. Andikeni daraja hilo kwa kila shughuli, mchana na usiku mbalimbali, kwa sababu nyumba nyingi huchoka usiku. Saa tunayo tayari: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Kati ya isha na alfajiri, mtu aliamka mara ngapi kwa ajili yake?

Gumu kuliko yote ni mkojo. Mama mzee anayevujwa na mkojo hatalisema mbele ya mwanawe wala mbele ya kijana mwenye simu ya kazi mkononi. Atapunguza maji ya kunywa ili asilowe, na katika joto la Garissa hilo linaweza kumlaza hospitalini. Ataacha kuswali kwa wakati akiamini hana tahara, na huzuni itamwingia. Masheikh mlio hapa mnajua kwamba mtu wa namna hiyo ana hukumu yake katika madhehebu yetu ya Shafi: hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutia udhu wakati wa kila swala ukiingia na kuswali. Nawasihi mlitamke waziwazi darasani. Na kila mama apimwe na mwanamke mwenzake, mlango ukiwa umefungwa. Hili nisingependa lijadiliwe kama jambo la hiari.

Sheria za haya na ukaribu wa damu zinaingia pia katika hesabu ya mikono. Nyumba inaweza kuwa na watu 9, na bado mzee mwanamume asiwe na hata mmoja wa kumwogesha, kwa sababu waliopo mchana ni wake za wanawe na watoto, na wanawe wako Nairobi au malishoni na mifugo. Ukiandika "familia kubwa, msaada upo", umeandika kosa. Wakati wa ukame, kama ule wa misimu 5 mfululizo iliyokosa mvua kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, jamaa wenye nguvu husogea na wanyama, na mzee hubaki kijijini na bibi mwenzake au na msichana mdogo. Basi tumpime na yule anayetunza. Analala saa ngapi? Mgongo unamuuma? Ni binti aliyeacha darasa ili amgeuze babu yake?

Lipo pia tatizo la upande wa pili, nalo linatokana na mapenzi. Watoto wanaotafuta radhi ya mzazi humvisha, humlisha na kumletea kila kitu pale alipo, hata yale anayoyaweza. Miguu isiyotumika hudhoofika haraka. Kwa hiyo katika fomu kuwe na nafasi mbili, ya anachofanya na ya anachoweza. Panapokuwa na pengo kati ya hizo mbili, mweleze binti kwamba kumwacha mama ajifunge garbasaar yake mwenyewe, hata ikichukua muda mrefu, ni katika kumtendea wema.

Kipimo kifanye kazi gani

Matumizi ya kwanza ni katika msaada wa serikali. Mpango wa Inua Jamii unampa kila aliyesajiliwa mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi kilekile kwa anayetembea na kwa asiyeinuka. Mpango wa watu wenye ulemavu mkubwa unawalenga wanaohitaji uangalizi wa saa zote, na wazee wengi waliolala mkekani hawamo kwa sababu hakuna aliyeandika msaada wanaoupata. Wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mikoba mwaka 2023 yenye mashine ya presha na ya sukari. Namba ya presha haisemi nani atambeba mzee. Natambua kwamba pesa zikitajwa, nyumba iliyokuwa ikificha udhaifu inaweza kuanza kuukuza. Ndiyo sababu nasisitiza kutazama: omba maji ya kunywa, mwombe mzee akusindikize mlangoni, utaona mwenyewe.

Matumizi ya pili ni ya dharura. Mto Tana ulipofurika Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji yaliingia mitaa ya mji wa Garissa na watu wakahama usiku. Kila wadi ingekuwa na orodha ya wazee wasioinuka, ikionyesha nani anahitaji mtu 1 wa kumbeba na nani watu 2, mashua zingejua pa kuanzia.

Ombi langu kwa semina hii ni kwamba kabla ya kuondoka tuchague wadi 2, moja ya mjini kando ya mto na moja ya wafugaji Lagdera, na katika kila wadi wahamasishaji wanawake na wanaume wa kutosha kupima jinsi kwa jinsi. Fomu iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kisomali na Kiswahili. Iondoe ngazi, iweke kuinuka kutoka mkekani, kuchuchumaa na kutia udhu. Tathmini irudiwe baada ya miezi 3, na kila mzee anapoanguka, anapotoka hospitalini, au anapoondokewa na mtu aliyekuwa akimtunza. Nakala moja ibaki nyumbani kwa mzee mwenyewe.